Klachi na breki kwenye Ford ya 1930: nafasi ya miguu itatoka wapi?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni Mtanzania, naishi Columbus, Ohio. Nimenunua Ford Model A kupe (ya milango miwili) ya 1930 ambayo aliyekuwa nayo alishaigeuza hotirodi, yaani gari la zamani lenye injini kali: mabawa yameng'olewa, ina injini ya Chevrolet V8 350 na giaboksi ya otomatiki. Nimepata giaboksi ya T-5 ya gia tano kutoka pikapu ya Chevrolet S-10 na nataka kuifunga, kwa hiyo nahitaji pedeli ya klachi. Tatizo ni nafasi. Kutoka ukuta wa kushoto hadi nundu ya giaboksi nina inchi 14 tu, na mrija wa usukani unapita hapohapo katikati. Navaa kiatu namba 12. Hata sasa, nikiwa na breki peke yake, kiatu kinagusa pedeli ya mafuta. Tanki la petroli bado liko mahali pake pa asili. Je, ninunue pedeli za kuning'inia, au niweke za kutokea sakafuni na kuzifupisha mikono ili zienee?

JIBU: Ndugu yangu, salama. Kwanza usinunue chochote, na mkono wa pedeli ya breki usiuguse na gurainda. Nafasi unayoitafuta ipo ndani ya gari lako, ila haitoki kwenye pedeli. Itatoka kwenye kiti, kwenye mrija wa usukani na kwenye hiyo nundu uliyoipima.

Hizo za kuning'inia tuzimalize mapema. Ford waliijenga Model A, za 1928 hadi 1931, tanki la petroli likiwa sehemu ya bodi yenyewe, mbele ya kioo, juu ya magoti ya dereva. Petroli ilikuwa inashuka kwenye kabureta kwa uzito wake, bila pampu. Tanki lilihamia nyuma kwenye modeli ya 1932. Sasa pale panapotakiwa kufungwa egemeo la pedeli ya kuning'inia, kwako kuna tanki. Hata ukilihamisha (na siku moja lihamishe, petroli juu ya magoti si kitu cha kuishi nacho kwenye gari la V8), ukuta wa injini unaobaki ni bati. Wengi wetu tumekulia kwenye Land Rover za zamani ambazo pedeli zake zinaning'inia bila shida, lakini ukuta wa mbele wa Land Rover ni muundo mzito wa chuma unaobeba hadi milango. Bati la Model A ukilisukuma kwa mguu wa breki linapinda, na kila linavyopinda ndivyo nguvu ya mguu wako inavyopotea njiani. Utalazimika kujenga fremu ya ndani kutoka nguzo hii ya mlango hadi ile. Inawezekana, watu wanafanya, ila kwa gari lako ni kazi kubwa isiyo na faida.

Pedeli za kutokea sakafuni ndizo za gari hili tangu lilipozaliwa. Awali shafti yake ilishikwa na nyumba ya klachi, ila kwako itakaa kwenye chasisi; mikono inapanda kupitia mbao za sakafu, klachi kushoto kwa mrija wa usukani na breki kulia kwake. Breki za Model A zilikuwa za fimbo. Ford hawakuleta breki za mafuta hadi modeli za 1939, na ndiyo maana seti ya pedeli na masta silinda (silinda kuu inayosukuma mafuta ya breki) ya 1939 imekuwa ikihamishiwa kwenye Ford za nyuma yake na wajenzi wa hotirodi kwa miaka mingi. Siku hizi kuna mabano mapya yanayofuata mpangilio uleule lakini yanapokea masta silinda ya kisasa ya vyumba viwili. Tafuta hayo. Ya chumba kimoja usiweke: mpira mmoja ukipasuka unabaki na breki ya mkono peke yake.

Sasa swali lako la kufupisha mkono. Hapa nikae kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapoharibu gari zuri.

Pedeli ni wenzo. Pima mstari ulionyooka kutoka katikati ya egemeo hadi katikati ya kikanyagio, kisha kutoka katikati ya egemeo hadi tundu la pushirodi (fimbo inayosukuma masta silinda). Gawanya cha kwanza kwa cha pili. Kwa breki isiyo na buusta (kifaa kinachoongeza nguvu ya mguu) unahitaji uwiano wa karibu 6 kwa 1; kwa mfano milimita 300 juu na 50 chini. Mtu mzima akikanyaga kwa nguvu ya kilo 45, pushirodi inapata kilo 270. Kwa masta silinda yenye tundu la inchi 1, hiyo ni presha ya kama kilo 53 kwa kila sentimita ya mraba. Kwa tundu la inchi 7/8, mguu uleule unatoa kama kilo 70. Sasa chukua msumeno, ufupishe mkono hadi milimita 200 ili upate nafasi. Uwiano umeshuka hadi 4 kwa 1, na ile masta silinda ya inchi 1 sasa inatoa kama kilo 35. Theluthi nzima ya breki imeachwa sakafuni kwenye vumbi la gurainda. Gari litasimama ukiwa unazunguka mtaani kwako. Siku lori litakapokata mbele yako barabara kuu ndipo utakapojua.

Uwiano wa 4 kwa 1 ni wa magari yenye buusta. Kuna buusta ndogo za inchi 7 zinazofungwa chini ya sakafu, lakini zinategemea mvuto wa hewa kutoka kwenye injini, na V8 nyingi za hotirodi zina kamshafti (shafti inayofungua vali za injini) kali ambayo mvuto wake ni dhaifu. Isitoshe, buusta yenyewe inataka nafasi, na nafasi ndiyo iliyokuleta kwangu.

Kama kweli hakuna namna na mkono lazima upungue, sogeza na tundu la pushirodi karibu na egemeo. Mkono wa milimita 250 na tundu la 42 unakurudisha kwenye 6 kwa 1 ileile. Gharama yake ni kwamba mkono unazunguka pembe kubwa zaidi kwa mwendo uleule wa mguu, kwa hiyo weka pini nene na bushi nzuri. Na kumbuka nilivyosema, mstari ulionyooka. Mkono uliopindwa ukiupima kwa kufuata mkunjo wake utajidanganya.

Kuupinda kwenda pembeni ni jambo jingine, na hilo ruksa. Mikono ya asili ya Ford ni chuma cha kufua. Unaipasha hadi iwe nyekundu, unaipinda, unaiacha ipoe yenyewe taratibu. Usiitie maji. Lakini kila sentimita unayoipeleka pembeni inaongeza msokoto kwenye egemeo, kwa hiyo kitovu cha pedeli kiwe kirefu, milimita 50 au zaidi, chenye bushi za shaba na mahali pa kupigia grisi. Ukiona pedeli inacheza kushoto na kulia ukiitikisa kwa mkono, haijawa tayari.

Sasa tutafute nafasi.

Anza na kiti. Watu wengi hufunga pedeli kwanza halafu wanatafuta kiti kinachoendana nazo. Wewe funga kiti kwanza, hata kama ni fremu tupu juu ya vipande vya mbao, na uweke usukani mahali pake. Kaa ukiwa umevaa viatu utakavyoendeshea, sio makobazi. Kupunguza unene wa mto kwa inchi 2 kunashusha paja lako kutoka kwenye usukani, na usukani wa inchi 15 badala ya ule mkubwa wa asili unaongeza tena nafasi ya goti. Kwenye kupe mgongo wa kiti unaweza kurudi nyuma kidogo ukitumia sponji nyembamba. Goti likishakuwa huru, kisigino kinaweza kukaa mahali pake sakafuni, na hapo ndipo utajua vikanyagio vinatakiwa kuwa wapi. Tengeneza pedeli za mbao na kadibodi kabla ya chuma. Zisogeze usiku kucha ukitaka, hazigharimu kitu.

Kisha upana. Inchi 14 zako ni kama milimita 355. Kiatu chako, pale kinapopanuka, nakikadiria milimita 110, pima chako. Ukianzia ukuta wa kushoto, acha milimita 35, weka kikanyagio cha klachi cha 50, acha pengo la 80, kikanyagio cha breki cha 60, pengo la 60, pedeli ya mafuta ya 40, na zitabaki 30 kabla ya nundu. Sasa tembeza viatu juu ya mchoro huo. Kiatu cha kushoto kikiwa katikati ya klachi kinaishia milimita 115 kutoka ukutani. Cha kulia kikiwa katikati ya breki kinaanzia 140 na kuishia 250, na pedeli ya mafuta inaanzia 285. Maana yake breki na mafuta vimeachana kwa milimita 35 hata ukiwa na kiatu cha kazi. Lile tatizo lako la kukanyaga vyote viwili limekwisha, na mkono wa breki haujaguswa.

Lakini angalia kilichobaki kati ya viatu viwili: milimita 25. Mrija wa usukani wa kawaida una kipenyo cha inchi 2, milimita 50 hivi. Haupiti. Dawa yake ni kuukatisha ule mrija wa nje juu ya miguu yako, na kutoka hapo ishuke shafti peke yake ya inchi 3/4, yaani milimita 19. Hiyo inapita. Funga beringi mwishoni mwa mrija, na nyingine shafti inapotoboa sakafu, na kama inaendelea mbali hadi boksi ya stelingi ukiwa na viungo viwili, weka beringi ya kuishikilia katikati. Shafti inayochezacheza kati ya miguu ni hatari kuliko mrija mnene. Hakikisha pia bolti za viungo haziwezi kunasa kamba ya kiatu.

Kuna jambo la gari lenye usukani wa kushoto ambalo sisi tuliojifunzia kuendesha Tanzania na Kenya tunaweza kulisahau. Mpangilio wa pedeli haubadiliki: klachi, breki, mafuta. Kinachobadilika ni jirani. Nyumbani, mguu wa kulia uko upande wa mlango, na nundu ya giaboksi inausumbua mguu wa klachi. Kwenye Ford yako nundu iko upande wa mguu wa mafuta, mguu unaofanya kazi safari nzima. Ndiyo maana nasisitiza uipime upya hiyo nundu. Ilikatwa kwa ajili ya otomatiki, na mwili wa otomatiki ni mnene. T-5 ni nyembamba kuliko hiyo. Ukishaifunga T-5 mahali pake pa mwisho, pamoja na nyumba ya klachi, ikate nundu ya zamani uitengeneze mpya inayokaribia giaboksi, ukiacha nafasi ya kidole kwa mtikisiko wa injini. Sentimita utakazopata hapo zote ni za mguu wa kulia. Pedeli ya mafuta iwe nyembamba na ndefu, na ikae chini ya usawa wa breki kwa kama milimita 40, ili mguu ukihama usikwame kwenye ukingo wa breki.

Kwa kuwa umetaja T-5 ya S-10: kishikio chake cha gia kiko mbele, na hilo linakufaa kwenye kupe fupi. Ila giaboksi hiyo ilikuwa imekusudiwa injini ndogo. V8 350 inaweza kuivunja kama una mguu mzito, hasa ukiwa na tairi pana za nyuma. Endesha kwa adabu au tafuta T-5 iliyotoka nyuma ya V8.

Klachi yenyewe iendeshe kwa mafuta. Mfumo wa fimbo unataka shafti ya kuvuka kutoka chasisi hadi injini, na kwako njia hiyo imezibwa na bomba za ekzosi. Kwenye Chevrolet uma wa klachi (mkono unaosukuma beringi ya klachi) unatokea upande wa kushoto, ambako tayari kuna ekzosi na usukani, kwa hiyo kaa chini ya gari uangalie kama silinda ndogo ya klachi itaenea nje ya nyumba ya klachi. Ikienea, weka hapo. Kuna zile zinazokaa ndani, zimeungana na beringi. Zinaokoa nafasi vizuri sana, lakini siku ikivuja unashusha giaboksi. Ya nje unaibadilisha ukiwa umelala chini ya gari na spana mbili.

Masta silinda ya klachi ya inchi 3/4 ikisukuma silinda ndogo ya inchi 7/8, ile ndogo inasogea karibu robo tatu ya mwendo wa masta. Mwendo wa milimita 25 unakuwa 18 hivi kwenye uma, na kwa uma wenye uwiano wa 2 kwa 1 beringi inapata 9. Linganisha na kinachotakiwa na mtengenezaji wa presha pleti yako (bamba linalobana diski ya klachi), kisha weka kizuizi cha chuma chini ya pedeli ili mguu usipeleke beringi zaidi ya hapo. Kwa ile ya ndani kizuizi ni lazima kabisa, maana ukiisukuma kupita mwisho wake sili inatoka. Chagua presha pleti ya daiaframu, ni laini kwa mguu. Na kama kuna pedeli moja ya kubanwa kwa ajili ya nafasi, ibanwe ya klachi. Klachi nzito inakuchosha goti tu.

Masta silinda ikiwa chini ya sakafu kuna mambo ambayo gari la kawaida halina. Ikiwa iko chini kuliko kalipa za magurudumu, mafuta hurudi kwa uzito wake gari likisimama, na asubuhi pedeli ya kwanza inazama. Weka vali ya kubakiza presha: ya paundi 2 kwa inchi ya mraba upande wa diski, ya 10 upande wa dramu. Usizibadilishe, ya 10 kwenye diski itaacha pedi zinasugua muda wote. Ikinge masta silinda na joto la ekzosi kwa bati. Mafuta ya breki ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi, ya DOT 4 kuanzia 230, na yakishanyonya unyevu kiwango hicho hushuka sana. Acha kifuniko sakafuni cha kujazia mafuta, au toa mpira hadi kikombe kilichofungwa juu kwenye ukuta wa injini. Angalia pia tundu ambamo pushirodi inaingia. Masta silinda ya gari lisilo na buusta ina tundu refu linaloishika pushirodi. Ile ya gari lenye buusta tundu lake ni fupi, na bila buusta pushirodi inaweza kuchomoka pedeli inaporudi kwa kasi.

Chasisi ya Model A ni ya umbo la U na ni nyembamba. Pale utakapochomelea bano, iwe imezibwa kwa bamba upande wa ndani kuwa boksi, na bano lenyewe liwe la milimita 6. Zile kilo 270 zinazosukuma masta silinda upande mmoja zinalisukuma egemeo upande wa pili kwa nguvu inayokaribia hiyo. Mwambie mtu akanyage kwa nguvu zake zote huku wewe ukiwa chini na tochi. Ukiona chuma chochote kinasogea, ongeza mkingamo.

Pedeli ikiwa imerudi, iegemee kizuizi chake yenyewe, isiegemee pistoni. Pushirodi ibaki na uhuru wa kama milimita 1.5, ambao kwenye kikanyagio utausikia kama milimita 9. Bila uhuru huo tundu la kurudishia mafuta ndani ya masta silinda linabaki limezibwa, breki zinapata moto, mafuta yanatanuka, na gari linajifunga lenyewe barabarani. Halafu upande wa pili wa mwendo: kabla hujajaza mafuta, kanyaga hadi pistoni ifike mwisho kabisa. Kwa mwendo wa inchi 1 na uwiano wa 6, kikanyagio kinasafiri inchi 6. Isigonge ubao wa sakafu wala shafti ya usukani kabla ya hapo. Siku chumba kimoja kikipoteza mafuta, pedeli itazama sana kabla chumba cha pili hakijashika, na lazima iwe na pa kuzamia. Zulia ni sehemu ya hesabu hiyo, kwa hiyo lipime likiwa limetandikwa.

Ukishafunga kwa muda, kabla ya rangi, kaa ndani gari likiwa juu ya stendi, fumba macho, hamisha mguu kutoka mafuta kwenda breki mara nyingi, na uingize gia zote tano. Popote kiatu kinapogusa kisichotakiwa, weka alama ya chaki. Kwenye alama hizo ndiko unapinda mkono au unapunguza ukingo wa kikanyagio, kisha unarudi kukaa tena. Nitumie kipimo cha nundu mpya na mahali shafti inapotoboa sakafu kabla hujachomelea bano moja kwa moja. Nikiwa na hivyo viwili nitakuambia kama ile 80 ya katikati inaweza kupungua ili breki isogee kushoto zaidi.